Keki bandia

Keki bandia (pia: keki ya maonyesho; katika mazungumzo ya kila siku keki feki au dami) ni umbo la keki lililotengenezwa kwa vitu visivyoliwa, kwa kawaida stairofomu, kadibodi au mbao, kisha likafunikwa na kupambwa ili lifanane na keki halisi. Huwekwa kwenye kabati la kioo dukani, hutumika kufundishia upambaji, na hukodishwa kwa ajili ya harusi na sherehe nyingine.

Kiini cha keki hiyo hakina madhara makubwa kikikaa peke yake. Hatari hutokana na mapambo: rangi, unga wa kung'arisha, gundi, shanga na maua. Keki bandia hutengenezwa mara nyingi na mtu yuleyule anayeoka keki za kuliwa, katika jiko lilelile, na kwa brashi zilezile. Kwa hiyo uchaguzi wa vifaa vyake ni suala la usalama wa chakula, hata kama yenyewe si chakula.

Mifano mingi katika makala hii inahusu Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, Tanzania. Katika kata za mji kama Hamugembe, Kashai na Rwamishenye, uokaji wa keki kwa oda ni kazi ya nyumbani inayofanywa zaidi na wanawake, na chumba kimoja kinaweza kuwa jiko, karakana na duka kwa wakati mmoja.

Matumizi

Katika harusi za Tanzania keki ina kazi mbili tofauti. Kwanza ni pambo la ukumbi: husimama mbele ya maharusi, hupigwa picha, na kamati ya harusi huitazama kama kipimo cha maandalizi. Pili ni chakula: maharusi hukata, hulishana, kisha huwapelekea wazazi na wageni maalumu. Keki ya ngazi tano au sita iliyookwa yote huhitaji mayai, siagi na sukari nyingi kuliko bajeti za familia nyingi zinavyoweza kubeba. Ndiyo maana hutengenezwa keki mseto: ngazi moja, mara nyingi ya chini au ya juu, ni keki halisi ambayo kisu kitaingia, na nyingine ni bandia. Wageni hugawiwa vipande vilivyokatwa jikoni kutoka keki bapa za kawaida. Si udanganyifu, mradi mteja anajua anachonunua.

Sababu nyingine ni usafiri. Kutoka Bukoba mjini hadi Muleba ni kilomita zaidi ya 60, na wateja wa visiwani, kama Bumbire, hupokea mizigo yao kwa boti. Ngazi za stairofomu ni nyepesi na hazibomoki njiani.

Shuleni na vyuoni keki bandia huwawezesha wanafunzi wa sayansikimu kurudia zoezi la kupamba mara nyingi bila kuharibu chakula. Kwa matumizi haya ni kifaa kizuri sana cha kufundishia, na inastahili kutumiwa zaidi kuliko ilivyo sasa.

Historia

Wazo la kuonyesha keki ambayo sehemu yake hailiki ni la zamani. Keki ya harusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza, mwaka 1858, ilikuwa na ngazi ya chini ya keki halisi, na sehemu za juu zilikuwa sukari tupu iliyofinyangwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilianza kugawa sukari kwa mgawo tarehe 8 Januari 1940, na mwaka huohuo ikapiga marufuku kufunika keki kwa sukari. Waokaji walibuni magamba ya kadibodi na ya plasta yaliyofinyangwa kama keki kubwa nyeupe. Keki ndogo ya familia iliwekwa ndani, gamba likainuliwa wakati wa kukata, kisha likarudishwa kwa mwenye duka ili likodishwe tena. Mgawo wa sukari ulikwisha mwaka 1953.

Nchini Japani, Iwasaki Takizo alianzisha mwaka 1932 mjini Osaka biashara ya kutengeneza vyakula vya nta kwa ajili ya kuonyesha kwenye madirisha ya migahawa. Baadaye nta ilibadilishwa kwa plastiki.

Stairofomu ilikuja mwishoni. Polistirini yenyewe iligunduliwa na Eduard Simon mjini Berlin mwaka 1839, lakini polistirini iliyoumuliwa kuwa povu jepesi ilienea tangu miaka ya 1950, kwanza kwa kufungashia bidhaa na kuzuia joto katika majengo. Waokaji waliikuta tayari na kuichonga.

Kiini

Stairofomu ni polistirini iliyoumuliwa. Takriban asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Ina tabia tatu ambazo mpambaji anapaswa kuzijua kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Tabia ya kwanza ni kuyeyuka katika vimiminika fulani. Asetoni, thina, petroli na gundi ya viatu huila stairofomu mara moja, na rangi nyingi za kupuliza zina viyeyusho vya aina hiyo. Anayepuliza rangi ya dhahabu ya kopo juu ya dami ataona mashimo yakifunguka mbele ya macho yake, na wakati huohuo atakuwa anavuta mvuke usiofaa kwa mapafu.

Tabia ya pili ni kulainika kwa joto. Kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi huanza kulegea. Wapo wanaoikata kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Kisu hupita kwa urahisi, lakini moshi unaotoka una stirini, kemikali ambayo mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kisu chenye meno madogo kisichopashwa moto, kikifuatiwa na msasa, hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi. Kazi ifanyike nje au penye dirisha wazi, na barakoa ivaliwe wakati wa kupiga msasa.

Tabia ya tatu ni kuvunjika punjepunje. Punje hizo zina umeme tuli, hivyo hung'ang'ania nguo, sufuria na bakuli la unga. Haifai kamwe kuchonga dami siku ya kuoka katika chumba kilekile. Kitambaa chenye unyevu huzikusanya. Ufagio huzirusha tu.

Chanzo cha stairofomu nacho ni muhimu. Inayouzwa kama dami ya keki huwa safi na ngumu. Inayookotwa kwenye maboksi ya friji na televisheni, au iliyobaki kwenye ujenzi, inaweza kuwa imetiwa kemikali za kuzuia moto. Mojawapo, inayoitwa HBCD, iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, huku matumizi ya ujenzi yakiruhusiwa kwa muda. Kwa dami ya kukaa kabatini haina shida kubwa. Kwa keki mseto isitumike.

Kadibodi ngumu na ubao ni viini vya kuaminika zaidi kuliko watu wanavyodhani. Haviyeyuki, havitoi punje, na fundi seremala anaweza kukata duara za mbao ambazo zitadumu miaka. Ubaya wake ni uzito.

Kifuniko na hali ya hewa ya Bukoba

Katika vitabu vingi vya upambaji, vinavyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na ukavu, dami hufunikwa kwa fondanti au kwa aisingi ya sukari na ute wa yai, ambayo hukauka na kudumu hata miaka. Kwa usalama hili ndilo chaguo bora, kwa sababu kila kilicho juu ya dami ni chakula; mtoto akimega kipande, atakula sukari tu.

Bukoba haiko hivyo. Mji uko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kilele kikiwa Aprili. Sukari hunyonya unyevu wa hewani. Fondanti hutoa jasho, hulegea, hushuka kwenye kingo, na baada ya wiki chache huota ukungu. Sisimizi na mende hufika mapema zaidi. Hii ndiyo sababu halisi inayowasukuma wapambaji wa hapa kutoka kwenye sukari kwenda kwenye vitu vya dukani kwa mafundi rangi, na ndipo maswali ya usalama yanapoanza.

Kupulizia dawa ya wadudu juu ya fondanti ili sisimizi wasiisogelee ni jambo baya kuliko yote yanayotajwa katika makala hii. Keki inaonekana ya kuliwa, inanukia vanila, na ina sumu isiyoonekana.

Vifuniko visivyo vya sukari vinavyofaa ni vichache na vinapatikana kwa urahisi:

Rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, tabaka mbili au tatu, juu ya karatasi iliyobandikwa kwa gundi nyeupe. Haili stairofomu. Rangi ya mafuta haifai, kwa sababu ya thina iliyomo.

Puti ya ukutani au unga wa jasi, kwa wanaotaka uso mgumu unaofanana na aisingi. Vumbi lake lisivutwe wakati wa kupiga msasa. Plasta ya jasi hutoa joto inapoganda. Bonge kubwa linaweza kupita nyuzi 60. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja nchini Uingereza alitumbukiza mikono katika ndoo ya plasta katika somo la sanaa na kupoteza sehemu kubwa ya vidole vyake. Katika madarasa, plasta ipakwe kwa kijiko au mwiko, kamwe isifinyangwe kwa mikono mitupu.

Udongo wa unga laini wa mahindi uliochanganywa na gundi nyeupe na kupashwa moto kidogo. Unatoa maua mazuri sana. Unafanana kabisa na donge la chakula, kwa hiyo usihifadhiwe kwenye jokofu la nyumbani bila alama.

Uji mzito wa unga wa muhogo kama gundi ya karatasi ni nafuu, lakini katika unyevu wa Kagera huota ukungu na kuvutia panya usipofunikwa kwa rangi pande zote.

Vitu vya asili ya mahali vinaweza kuzidi vyote hivi. Maganda makavu ya mgomba, yakinyooshwa na kukaushwa vizuri, huzungushwa kwenye dami kama utepe wa kahawia unaong'aa. Kitambaa cha gome la mti, ambacho Wahaya hukiita olubugo, ni kifuniko kizuri cha keki ya sherehe za kimila. Hakuna kati yake kinachohitaji kemikali, na hakuna mtoto atakayedhani ni keki.

Rangi

Kwenye keki bandia iliyofunikwa kwa sukari zitumike rangi za chakula. Kwenye iliyofunikwa kwa vitu visivyoliwa, rangi za maji za shuleni au za akriliki zinatosha. Jambo la kuepuka ni rangi za zamani zenye risasi (plumbi), hasa njano, nyekundu na kijani kali za mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza rangi zisizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Kopo lisilo na jina la kiwanda halifai, hata kama bei yake inavutia.

Titani dioksidi ndiyo inayofanya weupe ukolee, katika rangi za ukuta na pia katika baadhi ya rangi za chakula. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chakula mwaka 2022, wakati Marekani bado inairuhusu kwa kiasi kidogo. Kwa dami suala hili halina uzito. Kwa ngazi ya kuliwa mwokaji anaweza kuiepuka kwa kuukubali weupe wa asili wa siagi.

Unga wa kung'arisha na glita

Hapa ndipo madhara yaliyothibitishwa yametokea. Unga wa dhahabu, fedha na waridi unaopakwa kwa brashi huuzwa katika vichupa vidogo ambavyo kwa sura havitofautiani. Baadhi ni chakula. Vingine ni shaba, zinki au plastiki iliyosagwa, vilivyotengenezwa kwa ajili ya vitu vya maonyesho tu.

Mwaka 2021 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilieleza matukio mawili. Katika jimbo la Rhode Island, mwaka 2018, watoto sita wenye umri wa mwaka 1 hadi 11 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa rangi ya dhahabu. Uchunguzi ulikuta zaidi ya miligramu 20 za shaba katika kila gramu ya aisingi. Katika jimbo la Missouri, mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na risasi nyingi katika damu. Unga wa njano uliopamba keki yake ulikuwa na risasi kiasi cha robo ya uzito wake. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtoto. Unga wa dami uliingia kwenye keki ya kula.

Tatizo kubwa liko kwenye lebo. Maneno yenye maana ya "isiyo na sumu" hayana maana ya "ya kuliwa". Chaki na kalamu za rangi nazo huandikwa hivyo. Maana yake ni kwamba aliyelamba kidogo kwa bahati mbaya hatarajiwi kuugua, basi. Hata maneno "kwa mapambo tu" si ushauri wa urembo, ni onyo. Unga wa kuliwa huwa na orodha ya viambato kama chakula kingine chochote: sukari, gundi ya mgunga, wanga, rangi za chakula na namba zake. Kichupa kisicho na orodha ya viambato kisihesabiwe kuwa chakula, hata kama muuzaji anaapa. Waliopima kwa kijiko kutoka kopo kubwa na kufunga kwenye mfuko wa nailoni wanauza kitu ambacho hata wao hawawezi kukijua.

Glita ya kazi za mikono ni plastiki yenye utando wa alumini. Kwenye dami inaruhusiwa, mradi ibanwe kwa gundi nyeupe ili isipukutike. Isitumiwe kwenye ngazi bandia iliyo juu ya ngazi halisi, kwa sababu feni ya ukumbi itaishusha kwenye chakula.

Maua, mbegu na vitu vidogo

Maua mabichi hutumika sana kwa sababu yanachumwa bure. Oleanda ni sumu kali kuanzia jani hadi utomvu. Mnanaha na jamaa zake wenye maua marefu kama tarumbeta ni sumu pia, na lantana haifai. Waridi ni salama likiwa halijapuliziwa dawa, jambo ambalo kwa maua ya dukani haliwezi kuthibitishwa. Hivyo vikonyo vizungushiwe karatasi ya foili na visichomekwe moja kwa moja kwenye keki ya kula.

Mbegu nyekundu zenye doa jeusi (Abrus precatorius), ambazo watoto huzichezea na mafundi huzitunga kama shanga, hazifai kabisa karibu na chakula. Mbegu moja iliyotafunwa inaweza kuua. Mbegu za mbarika nazo zina sumu ya jamii hiyohiyo. Buni kavu za kahawa, ambazo Bukoba hazikosekani, zinapendeza vilevile na hazina tatizo.

Shanga, lulu za plastiki na pini ni hatari ya kukaba koo au kuchoma. Kanuni ya mafundi makini ni kuhesabu pini kabla na baada ya kazi na kuandika idadi. Vijiti vya meno ni vibaya zaidi kuliko pini, kwa sababu havionekani ndani ya keki.

Keki mseto

Ngazi halisi na ngazi bandia zikikutana, mpaka kati yake unapaswa kuwa kamili. Stairofomu safi hutumika kufungashia vyakula duniani kote, lakini stirini huhamia kwa urahisi zaidi kwenye mafuta, na krimu ya siagi ni mafuta. Dami iwekwe juu ya ubao wake wa keki, ubao ufunikwe foili au karatasi ya kuokea, na uzito wake ubebwe na nguzo zilizopenya ngazi ya chini, si na keki yenyewe.

Ngazi ya kukatwa iwekewe alama inayoonekana nyuma, upande ambao kamera haifiki, na mshereheshaji aambiwe mapema. Bibi harusi na bwana harusi wanaokata kwa haraka mbele ya watu hawawezi kujua. Kisu kikiingia kwenye stairofomu hutoka na punje, na punje hizo huenda moja kwa moja kwenye kipande cha kumlisha mama mzazi.

Vifaa vya dami visirudi jikoni: brashi, chujio, mti wa kusukumia, mkasi. Njia rahisi ni kuzungushia utepe mwekundu kwenye mipini yote ya vifaa vya dami na kuviweka katika ndoo yake. Kuosha hakutoshi kwa brashi iliyopaka unga wa shaba.

Moto

Mshumaa mdogo juu ya dami huyeyusha shimo. Fataki ya cheche hufanya zaidi, kwani cheche zake huzidi nyuzi 1,000. Stairofomu ikishika moto hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mweusi mzito, na katika ukumbi uliopambwa kwa vitambaa kutoka darini hadi sakafuni moto huo hauna pa kuzuiliwa. Mishumaa na fataki viwekwe kwenye ngazi halisi au kwenye kinara cha bati kando ya keki. Kamati zinazodai cheche juu kabisa ya keki zielezwe hivyo kabla ya kulipa.

Usimamizi nchini Tanzania

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo pia husimamia viwango vya rangi za majengo. Uchunguzi wa kemikali hufanywa pia na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, huwafundisha wajasiriamali usindikaji na ufungashaji wa vyakula. Dami yenyewe, kwa kuwa si chakula, inaweza kuuzwa bila mtu kuikagua, na kwa vitendo mkaguzi wa kwanza ni mwokaji.

Mtoto aliyemeza unga au pambo asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya pamoja na kichupa au kipande cha kitu alichokula. Bila hicho mganga hukisia tu.

Utupaji

Dami iliyochakaa haichomwi, wala jikoni wala kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, kwa sababu ya moshi wake. Ikitupwa ovyo mjini Bukoba, mvua huipeleka kwenye mto Kanoni na kutoka hapo ziwani, ambako huvunjika kuwa punje nyeupe ambazo samaki na ndege huzidhania kuwa chakula. Bora ibanduliwe kifuniko, ipigwe msasa kidogo na kufunikwa upya. Dami moja iliyochongwa vizuri huweza kuhudumia sherehe nyingi. Iliyovunjika kabisa hufungwa ndani ya mfuko mmoja ulioshonwa mdomo ili punje zisisambae, kisha hupelekwa kwenye kizimba cha taka cha manispaa.